Meli ya barua Bundesrath: nyara ambayo haikufika mahakamani

Desemba 1899, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza alipeleka simu ya maandishi kwa wakubwa wake. Meli ya Kijerumani Bundesrath imeondoka Aden kwenda Ghuba ya Delagoa. Inashukiwa kubeba risasi, ila hakuna lililothibitishwa. Ndani yake mna Waholanzi na Wajerumani wapatao 20, watu wawili wanaodhaniwa kuwa Makaburu, Wajerumani watatu na Waaustria wawili wanaoaminika kuwa maofisa wa jeshi, wote wakiwa wameandikishwa kama raia. Aidha mna askari 24 wa Kireno.

Isome tena simu hiyo polepole. Inashukiwa, wanadhaniwa, wanaaminika. Waliohesabiwa bila shaka yoyote ni askari wa Kireno, watu ambao Uingereza haikuwa na ugomvi nao hata kidogo.

Kabla mwezi haujaisha, manowari Magicienne iliikamata Bundesrath ikiwa njiani na kuipeleka Durban kama nyara ya vita. Tarehe 29 Desemba habari zilikuwa zimefika London, na Berlin haikukawia kuzipata. Meli ikakaa Durban hadi tarehe 18 Januari 1900, ndipo ikaachiwa. Hakuna hakimu aliyesikiliza shauri lake. Hakuna shehena ya silaha iliyopatikana ndani yake. Uingereza ikakubali kulipa fidia, na miezi mitano baadaye bunge la Ujerumani likapitisha sheria ya kuongeza manowari maradufu.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama ugomvi wa kifahari kati ya mataifa mawili makubwa: huyu katukana, yule kakasirika. Mimi nakisoma kama kesi, na katika kesi hiyo naona jambo lisilosemwa sana. Kwa upande wa sheria, hoja ya Uingereza ilikuwa nzito kuliko ya Ujerumani. Kwa upande wa ushahidi, Uingereza ilikuwa mikono mitupu. Na nyara ya baharini, tofauti na wengi wanavyofikiri, ni jambo la ushahidi kwanza.

Adui asiye na pwani

Vita vya Uingereza na Makaburu vilianza tarehe 11 Oktoba 1899. Dola mbili za Makaburu, Transvaal na Dola Huru ya Orange, zilikuwa bara tupu. Hazikuwa na bandari, hazikuwa na meli, hazikuwa na hata ufukwe wa kuvulia samaki. Jeshi la majini lenye nguvu kuliko yote duniani lilikuwa linapigana na adui asiyegusa maji.

Lakini kulikuwa na mlango mmoja. Tangu 1895 reli ilikuwa ikifanya kazi kutoka Pretoria hadi Lourenço Marques, yaani Maputo ya leo, katika Ghuba ya Delagoa. Bandari ilikuwa ya Wareno, na Wareno hawakuwa vitani. Kabla ya vita, hasa baada ya uvamizi ulioshindwa wa Jameson mwanzoni mwa 1896, serikali ya Paul Kruger, rais wa Transvaal, ilikuwa imenunua bunduki nyingi za Mauser kutoka Ujerumani na mizinga mikubwa kutoka kiwanda cha Creusot cha Ufaransa. Mizinga hiyo ndiyo iliyokuwa ikiupiga mji wa Ladysmith uliozingirwa. Hivyo mtu wa Admeralti, ofisi kuu ya jeshi la majini la Uingereza, aliyetazama ramani mwishoni mwa 1899 hakuhitaji kuwa na mawazo ya ajabu ili kushuku kuwa silaha zaidi zingepitia njia ileile.

Kuifunga bandari kwa kizuizi cha manowari hakukuwezekana, kwa kuwa kizuizi huwekwa kwenye pwani ya adui, si ya jirani yake. Tarehe 14 Oktoba, siku tatu tu baada ya vita kuanza, Uingereza ilifanya mapatano ya siri na Ureno ili silaha zisipite kwenda Transvaal. Ila mapatano ya siri hayawezi kutajwa hadharani, na maofisa wa bandari hawakuaminiwa sana. Kilichobaki ni kusimamisha meli moja moja baharini na kuangalia zimebeba nini.

Na meli zilizopita hapo mara kwa mara zilikuwa za Deutsche Ost-Afrika-Linie, kampuni ya Hamburg iliyoanzishwa 1890 kwa ruzuku ya serikali ya Ujerumani. Wakazi wa pwani yetu walizifahamu vizuri. Njia yake kuu ilipita Port Said na Aden, ikashuka Tanga, Dar es Salaam na Unguja, kisha ikaendelea kwenye bandari za Wareno mpaka Delagoa na Natal. Ndizo zilizobeba barua za serikali ya koloni, maofisa wapya, wamisionari, mbao, bia na vyuma vya reli. Jambo hili lina uzito katika kesi. Meli ya namna hii ikiwa na vijana wa Kijerumani wenye miili ya kiaskari waliovaa kaki, kuna sababu kumi za wao kuwamo humo, na vita vya Makaburu ni mojawapo tu. Koloni zima lilikuwa likiendeshwa na watu wa aina hiyo.

Tena tukumbuke hali ya London wiki zile. Kati ya tarehe 10 na 15 Desemba majeshi ya Uingereza yalishindwa mara tatu mfululizo, Stormberg, Magersfontein na Colenso. Kushindwa na wakulima wenye bunduki kulihitaji maelezo, na bunduki za kigeni zilizoingizwa kwa mlango wa nyuma zilikuwa maelezo matamu. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja: kila konsuli na kila ofisa wa bandari kuanzia Hamburg hadi Durban alikuwa na la kusikia na la kupeleka juu.

Nyara si mali ya aliyeikamata

Hapa ndipo msomaji wa leo hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nahodha wa manowari anaposimamisha meli ya biashara ya nchi isiyo vitani, anatumia haki ya zamani ya kupekua. Anatuma mashua, ofisa anapanda, anaangalia hati za meli, orodha ya shehena, orodha ya abiria. Hati zikiwa safi na hakuna la kutilia shaka, meli inaendelea na safari. Kukiwa na sababu ya kuamini kuwa imebeba magendo ya kivita, yaani bidhaa za vita zinazopelekwa kwa adui, meli inawekewa mabaharia wa manowari na kupelekwa bandari ya mkamataji. Hapo haijawa mali ya mtu. Ni mahakama ya nyara peke yake inayoweza kutamka kuwa meli au shehena imetwaliwa kihalali. Mahakama ikikataa, mwenye meli anarudishiwa chombo chake, na kama hapakuwa na sababu ya kutosha ya kuikamata, analipwa na hasara.

Kanuni zilizokubaliwa Paris mwaka 1856 ziliongeza kinga kwa wafanyabiashara: bendera ya nchi isiyo vitani hulinda hata bidhaa za adui zilizomo, isipokuwa magendo ya kivita. Bunduki ni magendo bila mjadala. Unga, nguo na makaa vinategemea vinakwenda kwa nani.

Sasa kuna tatizo la kimatendo ambalo sheria ile iliyoandikwa enzi za matanga haikulitazamia. Stima ya 1899 ilikuwa na ngama zenye mamia ya tani, mzigo juu ya mzigo, wa bandari ya karibu juu na wa bandari ya mbali chini. Huwezi kuipekua baharini na mawimbi yakipiga. Ukitaka kuona kilicho chini kabisa, sharti upakue. Na kwa desturi ya nyara, mkamataji haruhusiwi kuvuruga shehena kabla mahakama haijaanza kazi, kwa sababu zamani mabaharia walikuwa wakijigawia. Matokeo yake ni mzunguko: Bundesrath imekamatwa kwa sababu haikuweza kupekuliwa vizuri, na sasa iko Durban haipekuliwi vizuri mpaka mahakama ikae, na mahakama haijakaa. Upekuzi wa juu juu uliofanyika haukuonyesha silaha.

Durban yenyewe ilikuwa imejaa meli za kushusha askari na farasi. Nani angepewa nafasi gatini kupakua stima ya barua, kasha moja moja, kwa ajili ya tetesi? Siku zikapita. Kila siku iliyopita iligeuza hoja. Wiki ya kwanza swali lilikuwa, je, Wajerumani wamebeba silaha? Wiki ya pili likawa, mbona Waingereza hawathibitishi?

Kila upande na kitabu cha mwenzake

Majibizano ya kidiplomasia kati ya Berlin na London yaliendelea Januari nzima, na kwa mpenda sheria ni burudani. Balozi wa Ujerumani mjini London, Hatzfeldt, alipeleka madai ya serikali yake: meli iachiwe pamoja na shehena na abiria, kampuni imethibitisha kuwa hakuna magendo ndani, na makamanda wa Uingereza katika bahari za Afrika wapewe amri ya kuheshimu sheria za kimataifa. Maneno hayo ya mwisho yalimuudhi sana Lord Salisbury, Waziri Mkuu aliyekuwa pia Waziri wa Mambo ya Nje. Mtu kumwambia Mwingereza aheshimu sheria ya bahari!

Hoja kuu ya Ujerumani ilikwenda mbali zaidi ya kukana. Ilisema hivi: hata kama kungekuwa na bunduki ndani ya Bundesrath, haiwezekani kuziita magendo, kwa sababu meli inakwenda bandari ya nchi isiyo vitani. Magendo ni kitu kinachopelekwa kwa adui. Delagoa si ya adui. Na ili kuimarisha hoja hiyo, Wajerumani wakafungua kitabu cha Admeralti ya Uingereza chenyewe, mwongozo wa nyara wa 1888 uliotayarishwa na Profesa Holland wa Oxford kwa ajili ya makamanda wa manowari. Humo mliandikwa kuwa mwisho wa safari ya meli ndio unaoamua mwisho wa safari ya bidhaa zilizomo. Meli ikiwa inakwenda bandari isiyo ya adui, bidhaa zake zichukuliwe kuwa haziendi kwa adui.

Lilikuwa pigo zuri. Holland akaandika kwenye gazeti la The Times kueleza kuwa mwongozo ule ulikuwa msaada wa kazi kwa maofisa, si tamko la mipaka ya haki zote za Uingereza. Salisbury naye akasema vivyo hivyo kwa lugha ya kiserikali, kisha akafungua kitabu cha upande wa pili. Mwanasheria Bluntschli, aliyefundisha Heidelberg na kuheshimiwa sana Ujerumani, alikuwa ameandika kwamba meli au bidhaa zikipelekwa bandari isiyo vitani ili tu zimfikie adui kwa urahisi zaidi, hayo ni magendo na kuyatwaa ni halali. Basi kila serikali ikawa imejificha nyuma ya profesa wa mwenzake.

Salisbury alikuwa na karata nyingine, nayo ilitoka Marekani. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, manowari za Kaskazini zilikamata meli za Kiingereza zilizokuwa zikienda Nassau katika visiwa vya Bahama na Matamoros huko Mexico. Bandari zote mbili hazikuwa za adui. Mahakama za Marekani zilisema safari ni moja: kituo cha katikati hakibadili anakoelekea mzigo. Katika kesi ya meli Springbok shehena ilitwaliwa kwa msingi huo. Katika kesi ya Peterhoff, iliyokuwa ikienda Matamoros, ng'ambo tu ya mto kutoka Texas, Mahakama Kuu ilikubali kuwa silaha za kijeshi zinazopita nchi jirani kwenda kwa adui ni magendo, hata kama kipande cha mwisho cha njia ni cha nchi kavu.

Linganisha Matamoros na Lourenço Marques. Mto badala ya reli, mengine yote ni yale yale. Tena Transvaal haikuwa na bandari hata moja ya kwake. Ukifuata hoja ya Ujerumani mpaka mwisho, nchi isiyo na pwani haiwezi kamwe kupelekewa magendo kwa njia ya bahari, na kwa hiyo inaweza kununua silaha za dunia nzima huku adui yake akipunga mkono meli zikipita. Sidhani Bismarck mwenyewe, kansela wa zamani wa Ujerumani, angeikubali sheria ya namna hiyo kama vita vingekuwa vyake.

Kuna mfano wa karibu zaidi ambao haukutajwa sana wakati ule, nao ni wa ukanda wetu. Agosti 1896 manowari ya Italia Etna iliikamata meli ya Kiholanzi Doelwijk katika Bahari ya Shamu. Ilikuwa ikienda Djibouti, bandari ya Wafaransa, imejaa silaha zilizoaminika kuwa za Mfalme Menelik wa Ethiopia, nchi nyingine iliyokuwa vitani bila pwani yake. Desemba mwaka huo mahakama ya nyara ya Roma ilisema ukamataji ulikuwa halali, kwani silaha hizo zisingeweza kuwa za mtu mwingine Djibouti. Meli na shehena hazikutwaliwa kwa sababu tu vita vilikuwa vimekwisha kwa mkataba wa Addis Ababa wa Oktoba. Miaka mitatu baadaye Waingereza wangeweza kuitumia hukumu hiyo neno kwa neno. Tofauti ni moja, nayo ndiyo iliyowaangusha: Wataliano walipofungua ngama za Doelwijk walikuta silaha.

Herzog, General, na amri iliyochelewa

Kama ni meli moja tu, huenda mambo yangetulia. Lakini tarehe 4 Januari 1900 meli nyingine ya kampuni ileile, General, ilizuiliwa Aden ikapakuliwa sehemu ya shehena. Haikupatikana sababu ya kuishikilia. Iliruhusiwa baada ya siku chache, ila kupanga upya mizigo iliyovurugwa kulikula siku nyingine. Aden ni maelfu ya maili kutoka Transvaal. Meli iliyosimamishwa pale ilikuwa bado na bandari zote za Afrika Mashariki mbele yake. Mfanyabiashara wa Tanga aliyekuwa akisubiri mzigo wake alikuwa anazuiliwa kwa vita visivyomhusu.

Halafu ikaja Herzog, na hii kwangu ndiyo sehemu mbaya zaidi kwa Uingereza. Mwanzoni mwa Januari London ilikuwa imekwisha kutoa amri kwamba Herzog na meli nyingine za barua za Kijerumani zisikamatwe kwa tuhuma peke yake hadi ijulikane Bundesrath imebeba nini. Tarehe 6 Januari manowari Thetis ikaikamata Herzog na kuileta Durban. Na ndani mlikuwa na nani? Madaktari na wauguzi waliokuwa wakienda kutibu majeruhi, pamoja na gavana wa Kireno wa jimbo la Zambezi. Aden ilikuwa imetoa taarifa mapema kuwa waliomo ni watu wa tiba. Suez, kabla ya hapo, ilikuwa imesema ni wanaume wengi waliovaa kaki wanaofanana na askari. Ni abiria walewale. Ofisa mmoja aliona kaki, mwingine akaona msalaba mwekundu.

Herzog iliachiwa tarehe 9. Lakini serikali isiyoweza kuzuia manowari zake kukamata meli ambayo yenyewe imeagiza isikamatwe haina tena pa kusimama inaposema "tuachieni mahakama yetu ifanye kazi".

Kuna pia suala la abiria. Hata kama wale Wajerumani watatu na Waaustria wawili walikuwa kweli maofisa wanaokwenda kupigana, sheria ya wakati ule haikuwa wazi kama mtu mmoja mmoja aliyejilipia nauli anaweza kuifanya meli iwe nyara. Uingereza ilipaswa kuwa ya mwisho kulisukuma jambo hilo. Mwaka 1861 manowari ya Marekani iliposimamisha meli ya barua ya Kiingereza Trent na kuwatoa wajumbe wawili wa majimbo ya Kusini, London iliwaka moto, ikatuma askari Canada na kutishia vita hadi watu wale waliporudishwa. Meli ya barua, bandari zisizo vitani, abiria wanaoshukiwa: mkuki kwa nguruwe.

Mapatano ya Januari

Tarehe 18 Januari Bundesrath ikaachiwa, na kesho yake Bülow, Waziri wa Mambo ya Nje wa Ujerumani, akasimama mbele ya Reichstag, bunge la Ujerumani, kueleza kilichopatikana. Uingereza imekubali wajibu wa kulipa fidia. Imekubali kutosimamisha tena meli Aden wala mahali popote palipo mbali na uwanja wa vita kiasi hicho au zaidi. Imekubali kutokamata meli za barua za Kijerumani kwa tuhuma tu. Bülow alitaja pia kanuni kadhaa ambazo Ujerumani ingependa ziwe sheria kwa wote, ikiwa ni pamoja na ile ya kwamba magendo lazima yawe yanakwenda kwa adui.

Ukisoma kwa makini utaona Uingereza haikukubali kanuni ya Ujerumani kuhusu Delagoa. Salisbury alilinda hoja yake ya safari moja mpaka mwisho. Alichotoa ni cha kimatendo: wapi pa kusimamisha, na kwa ushahidi wa kiasi gani. Wengi waliliona hilo kama kushindwa kabisa kwa Uingereza. Nadhani alichagua vizuri kipi aache na kipi ashike, kwa sababu kesi yenyewe ilikuwa imekwisha kuharibika. Kama angeipeleka Bundesrath mahakamani Durban, hakimu angeuliza ushahidi uko wapi, na hukumu ya mahakama ya Kiingereza dhidi ya jeshi la majini la Kiingereza ingebaki vitabuni.

Wakati huohuo alikuwa na moto mwingine wa kuzima. Unga wa ngano wa Marekani uliokuwa ukienda Delagoa ulikamatwa katika meli kama Mashona, Maria na Beatrice, na Washington ikaja juu. Jibu la Salisbury katika suala hilo bado linanukuliwa na wanasheria: chakula ni magendo pale tu kinapokuwa cha majeshi ya adui, na haitoshi kusema kinaweza kutumiwa na jeshi; lazima ionyeshwe kuwa huko ndiko kilikokuwa kikienda wakati kinakamatwa. Ni sharti zito la ushahidi, na limetoka kinywani mwa mtu yuleyule aliyekuwa akitetea kukamatwa kwa Bundesrath kwa sababu ya simu iliyosema "inashukiwa".

Gharama ya kweli haikuwa ile fidia. Serikali ya Ujerumani ilikuwa inatafuta namna ya kulifanya bunge likubali manowari zaidi. Sheria ya 1898 iliruhusu meli za vita kubwa 19, na Tirpitz, mkuu wa wizara ya jeshi la majini la Ujerumani, alitaka maradufu. Oktoba 1899 Kaisari mwenyewe alikuwa amehutubia Hamburg akilia kuwa taifa linahitaji kikosi imara baharini. Wabunge wa bara, ambao hawajawahi kuona bahari, hawakuona haraka iko wapi. Kisha Waingereza wakakamata meli tatu za barua za Hamburg kwa muda wa siku kumi hivi. Muswada uliwasilishwa Januari hiyohiyo. Ulipita Juni 1900, na idadi ikawa 38. Siamini kwamba bila Bundesrath sheria ile isingepita kabisa, maana Tirpitz alikuwa fundi wa bunge. Lakini hakuna kampeni ambayo angeweza kuilipia ikamletea hasira kama ile.

Hoja iliyoshindwa 1900

Mwaka 1909 mataifa ya bahari yalikutana London kuandika upya sheria ya nyara. Kuhusu silaha halisi, mkutano ulikubali kuwa haijalishi meli inashusha wapi; kinachotazamwa ni mzigo unaishia wapi. Kuhusu bidhaa za matumizi mawili, kama chakula na makaa, walikubaliana kinyume chake: bandari ya kushushia iwe ndiyo mwisho. Kisha ukaja ubaguzi mmoja, kifungu cha 36. Bidhaa hizo zinaweza kukamatwa hata zikishushwa bandari isiyo vitani, ikiwa nchi ya adui haina pwani. Hakuna aliyehitaji kuuliza kifungu hicho kilikuwa kinafikiria vita gani. Ujerumani iliyosema 1900 kwamba Delagoa haiguswi ilikuwa miongoni mwa waliotia saini.

Azimio hilo halikupata nguvu ya sheria; mwaka 1911 Baraza la Malordi liliukataa muswada uliokuwa unalitekeleza. Vita vya 1914 vilipoanza, Uingereza ilijifunga nalo nusunusu, ikilirekebisha kila ilipobana. Septemba 1915 mahakama ya nyara mjini London, chini ya Sir Samuel Evans, ilitoa hukumu juu ya meli nne, mojawapo ikiitwa Kim, zilizokamatwa zikitoka Marekani na shehena kubwa ya mafuta ya nguruwe na nyama kwenda Copenhagen. Hakimu alisema safari ni moja hadi Ujerumani, akataja kesi za Marekani ambazo Salisbury alizitaja. Safari hii mahakama ilikuwa imekaa, na mezani palikuwa na takwimu: mafuta ya nguruwe yaliyokuwa ndani ya meli hizo nne yalizidi kwa mbali kiasi ambacho Denmark nzima ilikuwa ikiagiza kwa mwaka mmoja kabla ya vita.